Jina Lililobaki Bandani

Nyumba za Kampuni, 11 Oktoba

Mpwa wangu,

Salamu zetu zimepanda lori la maua, na zikichelewa mlaumu Breki, dereva, maana akiona bahasha imenona huikalia mpaka ipoe. Huku tuko wazima. Bibi yako anakohoa asubuhi tu. Mchana anakohoa akiona watu, ili apewe pole. Pampu namba mbili ilikufa tena nami nikaifufua tena. Jirani wa ukuta wa kushoto amenunua redio, kwa hiyo sasa nyumba nzima tumenunua redio.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa miwani. Unasema "sisi huku tunakula saa saba", "sisi huku tuna maktaba ya ghorofa tatu". Sisi nani? Ulipoondoka, sisi tulikuwa watu wanne ndani ya vyumba viwili: mimi, bibi, wewe na mdogo wako. Umepata sisi nyingine upesi hivyo? Baba yako alianza hivyo hivyo. Alikwenda chuo na viatu vyangu miguuni. Barua ya kwanza aliandika "sisi huku", ya pili akaandika "mimi", ya tatu hakuandika. Mama yako, dada yangu mimi, akaendelea kufunga mawaridi bandani mpaka anakufa, akiwaambia watu mumewe yuko masomoni. Masomo gani hayo yasiyo na likizo? Basi, sisemi kitu. Naangalia tu.

Lile suala la nyumba uliloniuliza lisikuumize kichwa. Nyapara amekuwa muungwana. Tumo, na bati liko juu yetu.

Mdogo wako Chiriku anakusalimu. Angeandika mistari yake hapa chini kama kawaida yake, ila macho yanamuuma kwa kusoma sana.

Mjomba wako,
Fundi Pampu


Bweni la wasichana, 2 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Mpe bibi pole zangu zote, za asubuhi na za hadharani. Mimi mzima. Chumbani tuko wanne, vitanda vya juu na chini, na dirisha letu linatazama jiko la chuo, kwa hiyo tunajua mapema tutakachokula na tunasoma kwa huzuni. Mwenzangu wa kitanda cha chini anasomea kilimo. Anakoroma kama pampu yako namba mbili. Mimi na sheria tunaendelea kufahamiana. Yeye bado hajanizoea.

Hiyo "sisi" yako nimeisikia, na ngumi iliyofichwa ndani yake nimeisikia pia. Lakini kila nikikuuliza jambo unanirushia baba usoni kama mchanga. Nilikuuliza kitu kimoja, ukanijibu ukoo mzima. Narudia. Nyumba ya vyumba viwili kampuni inaidai wafanyakazi wawili. Ikitoa mmoja, huyo mmoja anahamishiwa bweni la makapera, kitanda na kabati la chuma, na bibi na mtoto wanakwenda wanakokujua wao. Hilo unalijua, mimi nalijua, kuku wa jirani wanalijua. Wewe ni mmoja. Mimi nilikuwa wa pili, na mimi niko huku. Sasa wa pili ni nani?

Unasema nyapara amekuwa muungwana. Nyapara yupi? Yule aliyemkata mama mshahara wa siku nzima kwa sababu alichepuka kwenda kumnyonyesha Chiriku? Labda amehamishwa, wakaleta mwingine mwenye sura ile ile.

Na macho ya Chiriku yameanza lini? Yule mtoto alikuwa akisoma kwa mwanga wa taa ya nje ya choo bila hata kukunja uso. Mwakani ana mtihani wa mwisho wa sekondari. Nikikupigia simu, kila nikilitaja jina lake mtandao unakatika. Ndiyo maana naandika. Karatasi haina mtandao.

Mwanao


Nyumba za Kampuni, 30 Novemba

Mheshimiwa Hakimu,

Mshtakiwa anakusalimu. Bibi hajambo, anasema unenepe. Huku ni msimu. Maua yanatoka kama hasira, lori linaondoka asubuhi na jioni, na bandani watu wanasimama mpaka miguu inawasahau. Mimi nalala na bisibisi mfukoni.

Umejifunza kuhoji, vizuri, ndicho tulichokupeleka. Lakini hata mahakamani mtu hupewa kiti kwanza. Nilikulea tangu mama yako azikwe, nikakuchana nywele kwa mikono hii ya grisi mpaka wenzako wakakuita Spana, leo unanitolea vifungu? Nyumba ipo. Ingekuwa haipo ningeandikia wapi?

Chiriku hawezi kuandika kwa sababu mkono wake wa kulia umevimba kidogo. Si jambo la kumtia mtu wasiwasi.

Kama huniamini, dawa ni moja. Likizo ya Desemba hiyo, njoo ukague mwenyewe, chumba kwa chumba, mpaka chini ya kitanda cha bibi. Usipokuja nitajua ni kwa nini. Breki anasema alikuona getini ukicheka na kijana wa miwani. Mimi sina ugomvi na miwani. Baba yako naye alikuwa na miwani.

Mjomba wako


Bweni la wasichana, 19 Desemba

Mjomba, shikamoo,

Bibi mwambie kunenepa kumeshindikana, nimejaribu. Wenzangu wameondoka na chumba kimekuwa kikubwa ghafla. Mimi sitakuja. Kuna kazi ya masomo imenibakiza, ni hiyo tu. Kijana wa miwani ni mwalimu msaidizi, na nilikuwa nikicheka kwa sababu akikupa alama mbaya anakuomba msamaha.

Oktoba yalikuwa macho. Novemba ukawa mkono. Nasubiri Januari niambiwe mguu.

Naomba ukurasa mmoja kwa mwandiko wa Chiriku mwenyewe. Kama mkono umevimba, aandike kwa kushoto, nitausoma hata ukiwa kama nyayo za kuku. Nimemuuliza Breki. Amenijibu kwamba yeye habebi maneno, anabeba maua. Lakini aliongea akilitazama tairi, Mjomba. Mtu mwenye majibu mazuri haongei na tairi.

Mwanao


Bweni la wasichana, 20 Februari

Shikamoo Mjomba,

Miezi miwili hujanijibu, na simu yako imezimwa au imetumbukia kwenye tangi. Natumaini bibi hajambo. Nasema natumaini kwa sababu siku hizi habari za nyumbani kwetu nazipata kwa kutumaini.

Mwenzangu wa kitanda cha chini, yule wa kilimo, walipelekwa na darasa lake kutembelea mashamba. Wakafikishwa kwenye shamba letu. Amerudi jioni na harufu ya dawa ya kupulizia kwenye nywele, akakaa kitandani, akaniambia: "Leo nimekutana na wajina wako! Kwenye banda la kupangia maua. Nyapara alimwita kwa majina yote mawili, nikashtuka nikageuka, nikadhani umenifuata. Kasichana kadogo tu, kamevaa glavu zinazompwaya. Nikamwambia, we, chumbani kwangu kuna mtu mwenye jina lako. Unajua alifanya nini? Hakucheka. Akatazama nyapara yuko wapi, halafu akaniuliza pole pole: 'Anakula? Bado anatafuna kalamu?'"

Mwenzangu aliona ni kichekesho. Mimi nilitoka nikasimama bafuni na bomba wazi ili nisisikike.

Umemvika jina langu. Ndiyo sababu mkono umevimba: miiba na maji ya ndoo. Ndiyo sababu macho: baridi ya kile chumba cha kuhifadhia maua. Uongo wako wote ulikuwa na ukweli mdogo ndani yake, hilo nakusifu. Na kwa kuwa hajatimiza umri wa kuajiriwa, umemvika na umri wangu.

Nisidai eti sijui mchezo huu. Kibarua mgeni hapewi nyumba, nyumba inafuata jina lenye miaka kazini, kwa hiyo anayetoka analiacha jina na ndugu analivaa. Wote wanafanya hivyo na nyapara anajifanya haoni sura. Mama alifanya kazi maisha yake yote kwa jina la bibi. Unakumbuka alipokufa? Kampuni ilileta shada la rambirambi limeandikwa jina la bibi, na bibi akalipokea mwenyewe mlangoni, akasema asante. Siku ile ulilia na kucheka pamoja. Ofisi ikatuachia nyumba kwa huruma ya msiba mpaka nitimize umri wa kazi, nawe ukaniambia: "Wewe utaingia kwa jina lako, na siku ukitoka utatoka nalo."

Nijibu hili tu. Shule aliacha lini?

Mwanao


Nyumba za Kampuni, 27 Februari

Mpwa wangu,

Bibi hajambo. Nimemwamsha Breki alfajiri ili barua hii iwahi.

Ndiyo. Aliacha juma lile lile ulipoondoka. Tulikusindikiza Jumamosi, Jumatatu akaingia bandani. Umeridhika?

Sasa na wewe kaa kitako unisikilize. Ulitaka bibi alale wapi, chini ya sheria? Ulitaka niwaambie watoto wa dada yangu "someni nyote pamoja" halafu tukasomee barabarani na magodoro yetu? Hao wanaosema redioni kwamba elimu ni ufunguo, hawajaniambia mlango wenyewe uko wapi na nani anaushikilia usijifunge wakati mwingine anapita. Nilipanga apumzike na shule mwaka mmoja tu, wewe ukae sawa, tufikiri. Na usidhani nilimburuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Mjomba, mimi nitasimama."

Na kwa kuwa umetaka ukweli, chukua na huu. Hata kama nyumba isingekuwepo, ningeliacha jina lako pale. Nilitaka nafasi yako ikae na joto. Chuo ni kikubwa, wewe ni mtoto wa laini, wa hizi nyumba za vibarua, watu kama sisi wanarudishwa. Unafikiri baba yako alitupotea kwa sababu ya kiburi? Mimi nadhani alifeli. Alifeli akaona hana pa kurudi, kitanda chake kimechukuliwa, kiatu si chake, akaona bora apotee. Sikutaka wewe upotee. Nikakuwekea pa kurudi.

Tena nijibu na wewe. Desemba ulibaki kufanya nini? Nilimtuma Breki aulize getini. Mlinzi alimwambia, "Waliofaulu wote wameshaenda kwao." Nimekaa na neno hilo wiki kadhaa bila kukuandikia, nikingoja uniambie mwenyewe. Wewe na mimi, nani mwongo?

Mjomba wako


Bweni la wasichana, 15 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima. Mwenzangu wa kilimo anakusalimu. Sasa anajua kila kitu na ameacha kukoroma, nadhani anaogopa kesi.

Mlinzi alisema kweli. Nilifeli sheria ya mikataba. Nilibaki nikairudia, nikapita kwa kuchungulia. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungefanya sura ile ya mtu aliyeona mvua kabla ya wenzake. Haya, ifanye, nakuona kutoka huku. Tena jioni naosha masufuria jikoni mwa chuo, na hilo nalo sikulisema.

Lakini sikiliza, Mjomba. Nafasi yangu ilikaa na joto kwa mwili wa Chiriku. Umelala na wazo hilo tangu Oktoba? Unaniambia mlango haujulikani uliko. Mimi nakuambia tunaujua, na sisi ndio tunaoufunga. Bibi alitoka, mama akaingia. Mama alitoka, nikaingia mimi. Nimetoka, kaingia Chiriku. Kampuni haijawahi kumfunga mtu wetu kamba. Haina haja. Tunajazana wenyewe, tena usiku, tena kwa furaha kwamba tumewazidi akili. Ukoo wetu haukukosa mtu wa kusoma. Baba alisoma. Mimi nasoma. Na lile banda halijapungukiwa na mikono yetu hata siku moja. Huko ni kutoka gani? Nikipata shahada na mdogo wangu amesimama pale kwa jina langu, basi mimi sijatoka. Nimebadilishana zamu tu.

Na usiniambie alisema "nitasimama". Mtoto wa miaka kumi na sita, anamtazama bibi yake na magodoro, ulitegemea aseme nini?

Kwa hiyo nimefanya jambo, na ninakuandikia likiwa limeshafanyika, maana ningekuuliza mtandao ungekatika. Nimeiandikia ofisi ya shamba kwamba mimi, mwenye jina hilo, naacha kazi. Breki ameshaipeleka. Jina lililoacha kazi halivaliki, wewe mwenyewe ulinifundisha. Mwalimu mkuu wa Chiriku nimeongea naye. Atampokea muhula ukifunguliwa, ila atarudia darasa. Bibi nimemuuliza kwa simu ya jirani wa redio. Amesema nyumba hiyo imemla mtoto mmoja, inatosha, tafuteni chumba mjini karibu na shule. Kodi nitasaidia kwa masufuria.

Utanikasirikia. Nimejiandaa.

Mwanao


Bweni la makapera, 6 Mei

Mpwa wangu,

Bibi hajambo. Ameshajua majina ya wapangaji wote na magonjwa yao.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa naandika na kuchana. Nikueleze ulichofanya, kwa kuwa hukuwepo. Nyapara aliingia bandani na barua yako, akaisoma mbele ya meza zote. Akamwambia Chiriku, "Umeacha kazi." Chiriku, ndoo mkononi, akasema, "Mimi? Nimeacha lini?" "Barua ni yako, sahihi ni yako." Mtoto akaitua ndoo. Angesema si yake, angetaja ya nani? Watu wakacheka mpaka wakashikilia meza, maana nusu yao wamevaa majina kama yeye. Akavua glavu, akazikunja vizuri, akaja kwenye pampu kuniambia, "Dada amenifukuza kazi."

Hukumuuliza. Bibi ulimuuliza, mwalimu ulimuuliza, Breki ukampa barua. Yeye hukumuuliza. Kisha unanihubiria mimi.

Tulihama mwisho wa wiki ile. Chumba ni kimoja, kiko nyuma ya mashine ya kusaga, kila kitu kina vumbi jeupe na bibi anasema tumezeeka wote pamoja. Mimi niko bwenini na vijana wanaoniita Baba Mkubwa na kuniibia sabuni. Jumapili nakwenda mjini. Chiriku anasoma. Wenzake wa darasani wanamtania kwa urefu wake, wanamwita Mwalimu Msaidizi. Hataki kulisikia jina lako, na usimsukume. Ila nilimkuta akibishana na kitabu cha hesabu kwa sauti, anakitukana kabisa, nikajua atapona.

Wewe sijakusamehe, na usinibembeleze. Wala sijakuamini. Umefeli mara moja, umeficha mara mbili, na ndugu yako umemtoa kazini bila kumwambia. Ukiwa hakimu nitahama nchi.

Jana nilipita bandani. Meza yako wamempa msichana mgeni, ametoka mbali, hana ndugu hapa. Nikasimama mlangoni kuhakikisha. Nilizitazama meza zote, moja baada ya moja. Hakukuwa na wa kwetu. Tangu bibi yako aje hapa akiwa kigori, haijawahi kutokea. Nyapara akaniuliza, "Fundi, unatafuta bomba?" Nikamwambia nilisikia linavuja. Nikabaki nimesimama pale, sijui kama nifurahi au niogope, mpaka akanifukuza.

Basi ndivyo ilivyo. Ukianguka huko sasa, huku hakuna kitanda, hakuna meza, hakuna jina. Usiniandikie tena habari za maktaba. Niandikie mtihani unaofuata ni lini, na ukitoka, matokeo yawe vyovyote yatakavyokuwa, niandikie siku hiyo hiyo.

Mjomba wako